Mguu Mmoja, Majibu Matatu

Mvulana wa miaka 12 aliletwa kliniki miezi 8 baada ya kufanyiwa upasuaji wa mguu kifundo, yaani mguu uliopinda kuelekea ndani tangu kuzaliwa, ambao kwa sababu za umbali na fedha haukutibiwa alipokuwa mchanga. Daktari bingwa wa mifupa aliitazama picha ya eksirei akaridhika, kwa sababu unyayo wote sasa ulikanyaga chini na kisigino kilikuwa kimenyooka. Mama yake alisema hali imekuwa mbaya kuliko mwanzo, kwa kuwa zamani kijana alikuwa akichuchumaa chooni kwa namna yake mwenyewe, na sasa mguu umekakamaa kiasi kwamba nyumbani lazima ashikwe mkono asianguke, na shuleni hujizuia mpaka kengele ya kutoka. Mtoto mwenyewe, nilipomwuliza mama akiwa nje, alisema anafurahi, maana kwa mara ya kwanza amevaa viatu vyeusi vya shule kama wenzake.

Hakuna aliyekosea kati ya hao watatu. Aliyekosea ni mimi, kwa kuwa ndiye niliyempima kabla ya upasuaji, na fomu yangu ilijaa nyuzi za kukunjika kwa maungio bila swali hata moja kuhusu kuchuchumaa. Katika kazi yangu ya tiba ya viungo kwa watoto nimekuja kuamini kwamba majibu ya namna hii hayapaswi kuunganishwa yakawa alama moja, wala moja lisitumike kulisahihisha jingine, kwa sababu kila moja linapima kitu chake.

Shirika la Afya Duniani liliuweka wazi mgawanyo huu mwaka 2001 lilipopitisha mfumo wa kimataifa wa kuainisha utendaji, ulemavu na afya, unaojulikana kwa kifupi kama ICF, na mwaka 2007 likatoa toleo la watoto na vijana. Mfumo huo unatenganisha mwili wenyewe, yaani mifupa, misuli na maungio, na shughuli anazozifanya mtu, kisha unatenganisha shughuli hizo na ushiriki wake katika maisha, huku ukiyahesabu pia mazingira yanayomzunguka. Mguu ulionyooka ni habari ya mwili, kuchuchumaa ni shughuli, na kukaa shuleni siku nzima bila shida ni ushiriki. Ubora wa maisha ni jambo jingine tena, kwa kuwa huo ni jinsi mtoto mwenyewe anavyoyaona maisha yake.

Vipimo vya mwili havina ugomvi mkubwa. Kipimo cha Pirani, tunachokitumia kila mtoto mchanga wa mguu kifundo anapobadilishiwa plasta kwa njia ya Ponseti, ya kuunyoosha mguu polepole, kinaangalia dalili 6, kila moja ikipewa 0, 0.5 au 1, hivyo mguu mbaya kabisa hupata 6 na ulionyooka hupata 0. Kinatusaidia kuamua lini kano ya kisigino ikatwe, na kwa kazi hiyo kinatosha kabisa. Kikishafika 0, hata hivyo, hakina la kusema kuhusu mtoto atakayekimbia au kukaa pembeni akiwatazama wenzake miaka 7 baadaye.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye mafaili linahusu watoto wenye mtindio wa ubongo, yaani shida ya mwendo inayotokana na ubongo kuathirika mapema. Mfumo wa GMFCS, uliotolewa mwaka 1997 na Robert Palisano na wenzake nchini Kanada, huwapanga watoto hao katika ngazi 5, kuanzia anayetembea bila kizuizi hadi anayehitaji kusukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Huo ni mfumo wa kuainisha, haukutungwa ili kupima mafanikio ya matibabu, na kwa watoto walio wengi ngazi hubaki ileile miaka na miaka. Nikisoma kwamba mtoto “amepanda ngazi” baada ya upasuaji, huwa nashuku kwamba mmoja wa waliompanga, wa kabla au wa baada, hakumtazama vizuri.

Kipimo ninachokipenda zaidi ni FMS, kilichotungwa na Kerr Graham na wenzake huko Melbourne na kuchapishwa mwaka 2004. Kinauliza mtoto huendaje mita 5, mita 50 na mita 500, yaani nyumbani, shuleni na mtaani, na kila umbali hupewa alama yake, kuanzia 1 kwa anayetumia kiti cha magurudumu hadi 6 kwa anayetembea bila msaada hata kwenye njia yenye mabonde na mawe. Uzuri wake ni kwamba huulizi mtoto anaweza kufanya nini akisimamiwa na mtaalamu. Unauliza kwa kawaida hufanya nini. Nina msichana mmoja anayetembea kwa magongo vizuri sana kwenye korido yetu ya terazo, na mtu akimwona hapo atamwandikia 3, alama ya magongo, kwa kila umbali. Njia ya kwao ni mchanga mtupu, magongo yanazama, na kwa hiyo kaka yake humbeba mgongoni mpaka barabarani. Kwa mita 500 inabidi aandikiwe herufi N, maana umbali huo haukamilishi mwenyewe, na hapo ndipo inapoonekana kwamba anahitaji vipira vipana chini ya magongo, au baiskeli ya magurudumu matatu, kabla ya kuongezewa mazoezi.

Madodoso ndiyo yenye kazi kubwa. PODCI, lililoandaliwa Marekani na vyama vya madaktari wa mifupa, linalenga hasa watoto wenye matatizo ya mifupa na misuli, na linauliza kuhusu mikono, mwendo, michezo, maumivu na furaha. PedsQL, dodoso la ubora wa maisha ya mtoto lililotungwa na James Varni, lina maswali 23 kuhusu mwili, hisia, wenzake na shule, na hujibiwa na mtoto wa miaka 5 hadi 18 na mzazi wake kila mmoja kwa karatasi yake. Majibu hugeuzwa kuwa alama kutoka 0 hadi 100, na kadiri alama inavyokuwa kubwa ndivyo maisha yanavyokuwa mazuri. Swali lake la kwanza la mwili, kwa Kiingereza, linapima umbali kwa mitaa ya mji wa Kimarekani iliyochorwa kwa mistari iliyonyooka, na jingine linaitaja huzuni kwa jina la rangi ya buluu. Mfasiri asiyewahi kukaa na watoto atayaandika hayo neno kwa neno, na mtoto wa Mbagala au wa Kilifi atabaki ameduwaa. Wala mtaalamu hana ruhusa ya kujibadilishia swali kliniki kama anavyopenda, kwa sababu alama zake hazitalinganishwa tena na za mtu mwingine. Kazi hiyo hufanywa kwa utaratibu, kwa wafasiri wawili wanaofanya kila mmoja peke yake, kisha mwingine anayelirudisha dodoso katika lugha lilikotoka, halafu watoto wenyewe wanaulizwa wameelewa nini.

Hata tafsiri ikiwa safi, adabu zetu zina nguvu kuliko dodoso. Mtoto aliyelelewa vizuri akiulizwa hujambo hujibu sijambo, hata akiwa amefungwa plasta mpaka pajani, na akishamwamkia mkubwa shikamoo, kisha mkubwa huyo akamwuliza kama mguu unamuuma, jibu la heshima ni kwamba hauumi sana. Nimejifunza kutoliandika jibu la kwanza. Nikinyamaza kidogo huja “ila”: sijambo, ila usiku unavuta, nzuri, ila kipindi cha michezo nabaki darasani. Wengine humtazama mama kabla ya kufungua mdomo, ndiyo maana huwa namwomba mama atusubiri kwenye benchi na karatasi yake ya mzazi, na kwa wadogo wa miaka 5 hadi 7 natumia nyuso tatu zilizochorwa, wanyooshe kidole tu.

Kwamba mzazi na mtoto hutofautiana si jambo la kwetu peke yetu. Katika utafiti mkubwa wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2007, kati ya watoto 818 wenye mtindio wa ubongo wa miaka 8 hadi 12, 500 waliweza kujibu wenyewe, na katika maeneo mengi walisema maisha yao ni mazuri sawa na ya watoto wengine. Wazazi wengi waliwapa alama za chini kuliko walizojipa wenyewe, hasa wazazi waliolemewa na malezi; ila pale mtoto alipokuwa na maumivu makali, mzazi ndiye aliyeelekea kuyaona maisha ya mtoto kuwa mazuri kupita mtoto mwenyewe alivyoyaona. Tangu niusome utafiti huo, suala la maumivu simwachii mzazi.

Kuhusu ukubwa wa mabadiliko, Varni na wenzake walikadiria kwamba tofauti ndogo yenye maana katika PedsQL ni kama alama 4.4 kwa jibu la mtoto na 4.5 kwa jibu la mzazi. Makadirio hayo yalipatikana kwa familia za Marekani, kwa hiyo mimi huyatumia kama fimbo ya kipofu tu, ya kunizuia nisishangilie alama 2.

Yule mvulana tulimwona tena baada ya miezi 6. Mjomba wake, ambaye ni fundi seremala, alikuwa amesimika nguzo mbili za mbao kando ya tundu la choo cha nyumbani, na mama akasema sasa anakwenda mwenyewe hata usiku. Alama za PedsQL, za mtoto na za mama, hazikusogea, kwa kuwa dodoso hilo linauliza kuhusu kuoga na haliulizi kuhusu choo. Kuna mistari miwili tu niliyokuwa nimeiongeza kwa kalamu chini ya ukurasa, mmoja wa choo cha nyumbani na mmoja wa choo cha shule. Wa nyumbani umebadilika. Wa shule bado.