Golomyanka wa Ziwa Baikal: yanayosemwa na ukweli wenyewe

Kuna hii watu wanaipenda sana, eti samaki aitwaye golomyanka ukimtoa Ziwa Baikal kule Siberia ukamuanika juani anayeyuka wote, unabaki na mifupa tu. Hapana jamani. Kinachotoka ni mafuta, na kweli anayo, kuna aina mbili na yule mkubwa, wa kama sentimita 20, zaidi ya theluthi ya mwili wake ni mafuta, ndo maana zamani wenyeji walimkamua wakawashia taa na kujitibia, ila nyama haiendi popote.

Uongo mwingine, akipandishwa kutoka kilindini anapasuka. Shida hiyo ni ya samaki mwenye kibofu cha hewa, maana hewa inatanuka kadiri anavyopanda, sasa huyu hana kibofu kabisa, hana hata magamba, mkubwa anaelea kwa mafuta na mdogo, ambaye mafuta yake machache, anabebwa na mifupa myepesi na mapezi ya kifuani marefu kweli kweli. Tena kupanda na kushuka ndo maisha yake, mchana yuko chini gizani, usiku anapanda mamia ya mita kufuata chakula. Mwili unapitisha mwanga, waridi iliyopauka, uti wa mgongo unauona kwa nje!

Wengine wanadhani ni adimu kwa vile hayupo sokoni. Ndo anayeongoza kwa wingi ziwa zima, na nerpa, yule sili (mnyama wa majini) asiyeijua bahari, anamtegemea yeye hasa. Wavuvi hawahangaiki naye kwa sababu haendi kwa makundi, kila mmoja kivyake.

Na hatagi mayai. Ndugu zake wanataga chini ya mawe dume analinda, yeye anazaa vitoto hai, jike mmoja 2,000 hadi 3,000.

Hili la mwisho linatugusa sisi wa huku: watu wanaamini ziwa likiwa na kina basi samaki wapo mpaka chini. Tanganyika ni la pili duniani, mita 1,470, Baikal mita 1,642, yote yametokana na ardhi kupasuka, ila Tanganyika ukipita mita 200 hivi oksijeni imekwisha, samaki hawaishi, kwa sababu maji ya juu yana joto mwaka mzima hayazami kupeleka hewa. Baikal maji ya juu yakipoa yanazama, oksijeni inafika hadi sakafuni, na golomyanka yupo huko.