Samaki wala mwani katika tangi la diskasi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu anayefuga diskasi Mbeya huanza na gharama ambayo mwenzake wa Dar es Salaam haijui, nayo ni ya joto. Samaki huyu wa bonde la mto Amazoni, ambaye Heckel, mtaalamu wa samaki wa Austria, alimweleza kisayansi mwaka 1840, anahitaji maji ya nyuzijoto 28 hadi 30, ilhali mji wetu uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari na usiku wa Juni au Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Hita hufanya kazi karibu saa zote. Mfugaji akipanda mimea ndani ya tangi hilo na kuweka taa ya kuikuza, haupiti muda mrefu kabla utando wa mwani, wa kijani au wa kahawia, haujashika vioo, na hapo ndipo anapoletewa ushauri wa kila aina kuhusu samaki wa kuula. Sehemu kubwa ya ushauri huo ni sahihi kwa matangi mengine. Kosa hutokea unapohamishiwa kwenye tangi la diskasi.

"Mwenye mdomo wa kunyonya hula mwani tu, hana madhara"

Kwa maoni yangu hii ndiyo dhana ghali kuliko zote. Mdomo wa kunyonya ni chombo cha kujishikiza, na kinachonyonywa hutegemea umri na njaa ya mwenye mdomo. Pleko wa kawaida, yule kambare wa madoa anayeuzwa akiwa na sentimita 5 au 6, hukwangua mwani kwa bidii akiwa mdogo, lakini baadhi ya aina zake hukua kuzidi sentimita 40, na kadiri anavyokua hamu yake ya mwani hupungua huku kinyesi chake kikizidi kuchafua maji. Usiku, diskasi wanapokuwa wamesimama kimya kando ya gogo, pleko hugundua kwamba ubavu wao mpana umefunikwa na ute. Ute huo una lishe kweli, kwani watoto wa diskasi, siku za mwanzo baada ya kuanza kuogelea, hula ute unaotoka kwenye ngozi ya baba na mama yao. Pleko aliyekwisha kuuonja ni vigumu kumrudisha kwenye kioo.

Niliyaona haya nyumbani kwangu Uyole kabla sijayaelewa. Diskasi wangu mmoja wa buluu alikuwa na duara kwenye ubavu wa kushoto, ukubwa wa kifungo cha shati, magamba yamebanduka na ngozi imekuwa nyeupe pembezoni. Nilidhani ni ugonjwa, nikanunua dawa. Siku ya tatu palikuwa na duara la pili. Nilipowasha tochi saa saba usiku nilimkuta pleko amemganda kama ruba, naye diskasi anajizungusha taratibu akijaribu kumbandua. Aliyeniuzia alikuwa ameniambia, "Huyu ni mfagizi tu, mzee, hata chakula humpi."

Mwingine wa kuepukwa ni Gyrinocheilus aymonieri wa Asia ya Kusini-Mashariki, anayeuzwa mara nyingi akiwa wa rangi ya dhahabu, ambaye akikua hupita sentimita 20, hulinda eneo lake kwa ukorofi na huwaandama hasa samaki wenye miili bapa. Asichanganywe na mla mwani wa Siam, wa jenasi Crossocheilus, anayetambulika kwa mstari mweusi unaotoka puani na kuendelea hadi ndani ya pezi la mkia. Huyu wa pili hula hata mwani mweusi unaoota kama ndevu kwenye kingo za majani, ambao samaki wengi hawaugusi, wala hana desturi ya kunyonya wenzake. Kasoro yake ni wepesi. Diskasi hula kwa madaha, huokota, hutema, huokota tena, na kabla hajamaliza mzunguko huo mgeni wa Siam amekwisha kushiba chakula kisicho chake.

Wapo walioumizwa na pleko wakaapa kutoweka tena mnyonyaji yeyote, nao wamepitiliza upande wa pili. Ancistrus, kambare mdogo wa ukoo wa pleko, mwenye ndevu za nyama juu ya pua zilizo ndefu zaidi kwa dume, hafiki kwa kawaida sentimita 15, anahimili nyuzi 28 vizuri na hutumia mchana mwingi chini ya gogo, ambalo pia hulikwangua. Wawili wanatosha, dume na jike, kwa sababu madume mawili hugombania pango.

"Wala mwani hawalishwi"

Dhana hii ndiyo mama wa ile ya kwanza, kwa kuwa anayenyonya diskasi mara nyingi ni mwenye njaa. Hakuna samaki wa madukani anayeishi kwa kinyesi cha wenzake, na tangi safi halina mwani wa kumlisha mtu yeyote mwezi mzima. Otocinclus, wadogo wa sentimita 4 au 5, wapole kabisa kwa mimea na kwa wenzao, hufa kwa wingi katika majuma ya kwanza kwa sababu wengi wao huvuliwa mtoni na kusafirishwa matumbo yakiwa matupu, kisha mnunuzi huwatia katika tangi lililojazwa maji juzi. Kabla ya kulipa, mtazame kwa chini akiwa amejibandika kwenye kioo: tumbo lililobonyea ni hasara uliyokwisha kuipata. Waletwe kundi, katika tangi lililokaa miezi kadhaa, nyuzi 28 na si 30, na wapewe kipande cha tango au boga lililochemshwa kidogo wakati wa jioni, kikitolewa asubuhi kabla hakijaoza.

"Ziwa Nyasa liko jirani, kwa nini tununue wa mbali?"

Swali hili nimeulizwa zaidi ya mara moja, na lina mantiki, kwani mbuna, samaki wadogo wa mawe wa ziwa hilo, kwenye mwambao wa Matema kweli hukwangua mwani kwenye mawe yale kutwa nzima. Hata hivyo maji ya ziwa hilo ni ya alkali, yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya takriban 7.8 hadi 8.5, ilhali diskasi hupenda maji laini yenye pH ya 6 hadi 7. Hata kama maji yangelingana, mbuna ni wagomvi wa kurithi, na diskasi aliyefukuzwa siku mbili huacha kula, huwa mweusi na kujificha pembeni.

Konokono wa kuokota mabwawani au mitoni ni hatari ya namna nyingine, kwa sababu baadhi ya jamii zao hubeba vijidudu vya kichocho, na mkono wako ndio unaoingia katika maji hayo. Uduvi wa Amano wanasafisha vizuri sana, ila joto la diskasi hufupisha maisha yao, na walio wadogo huishia kuwa kitoweo.

"Wakiongezwa wala mwani, mwani utaisha"

Mwani hufuata mwanga na lishe iliyozidi. Taa inayowaka saa 12 kwa siku, pamoja na moyo wa ng'ombe uliosagwa ambao wengi wetu huwalisha diskasi ili wakue haraka, na ambao mabaki yake huoza na kuacha naitreti na fosfeti, chumvi zinazorutubisha mwani, huotesha mwani kwa kasi ambayo hakuna kundi la samaki litakaloifikia. Tena huku kwetu kuongeza samaki kuna bei yake: maji ya nyuzi 29 katika mwinuko wa Mbeya hubeba karibu moja ya tano pungufu ya oksijeni ambayo maji ya joto hilohilo yangebeba pwani, na usiku mimea nayo hupumua oksijeni hiyohiyo. Ukiwaona samaki wamekusanyika juu alfajiri wakihema, wasafishaji wako wamezidi au pampu ya hewa haitoshi, na umeme ukikatika usiku huohuo utapoteza wote.

Tangi langu sasa lina lita 400, diskasi 6, Ancistrus 2 na Otocinclus 8. Taa huwaka kwa muda wa saa 7 kila siku, theluthi ya maji hubadilishwa mara mbili kwa juma kwa maji yaliyopashwa moto kwanza, na kioo cha mbele hukwanguliwa kila Jumamosi kwa kadi ya benki iliyokwisha muda wake, kazi ambayo sijapata kununua samaki wa kuifanya vizuri zaidi.