Dhoruba Isiyokwisha Kichwani

Hapa Lindi ninapofanya kazi ya tiba ya kisaikolojia, familia za wavuvi huniuliza mara nyingi inakuwaje mtu aliyenusurika baharini arudi nyumbani, ale na kuzungumza kama kawaida, kisha baada ya miezi kadhaa aanze kukurupuka usingizini kila upepo wa kusi unapotikisa bati. Wengine huja wakiwa wamekwisha kumpeleka kwa mganga, nami siwalaumu, kwa sababu wanachokiona kinafanana kweli na mtu aliyepandwa na kitu.

Mtu anapokabiliana na kifo, sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo kazi yake ni kutambua hatari, huuamsha mwili wote: moyo huenda mbio, misuli hukaza, adrenalini humiminika katika damu. Wakati huohuo hipokampasi, inayosaidia kuweka kila tukio mahali pake na katika wakati wake, hulemewa. Tukio hubaki vipande vipande, yaani harufu ya mafuta ya injini, mlio wa ubao unaopasuka na baridi ya maji, bila alama ya kuonyesha kwamba limepita. Ndiyo maana bati likilia, mtu huyu hakumbuki dhoruba; yumo ndani yake.

Wengi hupona bila tiba, wakisaidiwa na ndugu na usingizi. Kumshurutisha mtu asimulie yote siku chache baada ya ajali, ingawa hufanywa kwa nia njema, hakumkingi na kiwewe na kunaweza kumdhuru. Dalili zikivuka mwezi mmoja na kumzuia asifanye kazi zake, hapo aletwe.

Katika tiba ya simulizi, iliyopata kutumiwa kwa wakimbizi nchini Uganda, tunatandika kamba sakafuni iwe maisha yake tangu kuzaliwa, naye huweka ua penye jambo jema na jiwe penye jambo zito. Katika vikao vinavyofuata tunalirudia kila jiwe polepole, nikimuuliza alisikia nini, mikono yake ilishika nini, na sasa hivi ameketi wapi. Hofu hupanda, nasi hatukatizi kikao hadi ishuke, kwa kuwa katika kushuka huko ndipo ubongo hujifunza kwamba siku ile ina mwanzo na mwisho. Ncha ya kamba huachwa imekunjwa, kwa ajili ya miaka ambayo bado hajaiishi.