Je, wajua kwa nini shule nyingi za Marekani humlisha bure hata mtoto wa tajiri?

Mtoto anafika mwisho wa foleni, trei mkononi: kuku, maharage, paketi ya maziwa. Anabonyeza namba yake kwenye kimashine. Keshia anatazama skrini na kuona anadaiwa. Trei inachukuliwa, chakula kinamwagwa kwenye pipa la taka, na mtoto anapewa sandwichi baridi ya jibini. Kinamwagwa kwa sababu chakula kilichokwisha pakuliwa hakiruhusiwi kupewa mtu mwingine. Shule haijaokoa hata senti, na darasa zima limeshuhudia. Hayo yalikuwa mambo ya kawaida katika shule nyingi za Marekani, na jimbo la New Mexico likayapiga marufuku kwa sheria mwaka 2017.

Mtoto hufikishwa hapo na mchujo. Sheria ya chakula cha mchana shuleni ilisainiwa na Rais Harry Truman mwaka 1946. Kwa utaratibu wa kawaida wa leo, mtoto wa familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya kiwango rasmi cha umaskini anakula bure. Kutoka hapo hadi asilimia 185, analipa bei nafuu isiyozidi senti 40. Akipita hapo, bei kamili. Mzazi akiongezewa saa chache kazini huenda akavuka mstari, na mtoto akaanza kulimbikiza deni ilhali nyumbani sufuria ni ileile.

Watoto hutambuliwa kwa njia mbili. Kwanza, kompyuta hulinganisha orodha ya wanafunzi na ya familia zinazopokea msaada wa chakula wa serikali. Hapo mzazi hajazi chochote. Ya pili ni fomu ya kutaja kipato cha kila mtu nyumbani, na humo ndimo wengi wanamopotelea. Kila mwaka ofisi ya shule huchukua sampuli ya fomu zilizokubaliwa, kwa kawaida asilimia 3, hasa zile ambazo kipato kinakaribia mstari, na kuwaandikia wazazi walete uthibitisho. Kazi hiyo lazima iishe ifikapo Novemba 15. Asiyejibu barua anafutwa, hata kama ni maskini kweli. Mama wa zamu ya usiku, au mgeni ambaye Kiingereza bado kinampiga chenga, anahesabiwa sawa na aliyedanganya. Kuna na wasiojaza kabisa, kwa kuona haya kuandika ufukara wao na kuukabidhi kwa mwalimu wa mtoto wao.

Tangu 1970 sheria inakataza kumtambulisha mtoto wa chakula cha bure kwa tiketi ya pekee au kwa orodha ya majina. Ni sheria njema, lakini sekondari nyingi zina dirisha la pili linalouza piza na chipsi. Wenye pesa wanakimbilia huko, na foleni ya chakula cha kawaida inageuka alama ya umaskini. Kijana wa miaka 15 anaona heri ashinde njaa kuliko kuonekana amesimama pale.

Sheria ya mwaka 2010 ilileta njia ya kuondoa mchujo huo: shule yenye watoto maskini wengi ilishe wote, bila fomu. Kigezo ni wale waliotambuliwa na kompyuta tu. Mwanzoni walitakiwa wawe angalau asilimia 40 ya wanafunzi. Mwishoni mwa 2023 ikashushwa hadi 25.

Fidia ambayo serikali kuu huilipa shule hupigiwa hesabu hivi. Chukua shule ya wanafunzi 500, waliotambuliwa 200. Zidisha kwa 1.6, kwa kuwa kompyuta huwakosa wengi wanaostahili: unapata 320. Sahani 320 zinalipiwa na serikali kuu kwa kiwango cha bure, zaidi kidogo ya dola 4 kila moja. Zile 180 zilizobaki zinalipiwa kiwango cha chini, kama senti 40. Wastani ni karibu dola 3 kwa sahani. Sahani ikigharimu dola 4, pengo ni kama dola 500 kila siku, na shule ndiyo italiziba. Ndiyo maana zipo zinazostahili lakini zinasita kujiunga. Waliotambuliwa wakifika asilimia 62.5, sahani zote zinalipiwa kwa kiwango cha bure.

California na Maine ziliamua mwaka 2021 kuziba pengo hilo kwa fedha za jimbo ili kila mtoto ale. Minnesota na New Mexico ni miongoni mwa yaliyofuata 2023. Wanaopinga huuliza kwa nini kodi imlishe mtoto wa daktari. Lakini daktari naye analipa kodi hiyo, na mwanawe akikaa na trei ileile, mtoto wa mfagiaji hana wa kumnyooshea kidole. Hakuna karatasi iliyowahi kumpa kinga hiyo.

Limebaki tatizo moja gumu. Kwa miaka mingi idadi ya watoto wa chakula cha bure ndiyo iliyotumika kupimia umaskini wa shule wakati wa kugawa fedha za elimu. Fomu za chakula zikiondoka, majimbo mengine huwapa wazazi fomu nyingine ya kipato, na shule inalazimika kuwafuatilia mmoja mmoja, maana mtoto anakula tayari na mzazi haoni sababu ya kuijaza.