Uji wa Jioni Haumfanyi Mtoto Alale Hadi Asubuhi

Imani ya kwamba mtoto mchanga akipewa uji mzito jioni, au nafaka ikikorogwa katika chupa yake ya maziwa, atalala hadi asubuhi, imerithishwa kwa muda mrefu na watu wenye nia njema. Hata hivyo, si sahihi. Mtoto wa wiki chache haamki kwa njaa pekee. Mzunguko wake mmoja wa usingizi huchukua takriban dakika 50 hadi 60, na saa ya mwili inayotofautisha usiku na mchana hujijenga taratibu katika miezi ya kwanza, jambo ambalo chakula kizito hakiwezi kuliharakisha. Ukimtazama kwa makini utaona kope zikitetemeka, midomo ikinyonya hewa, kisha mguno mfupi: mara nyingi huo ni usingizi mwepesi tu, na anayemnyanyua upesi ndiye anayemwamsha. Uji wa mapema unaweza kumpalia, nao huchukua nafasi ya maziwa anayoyahitaji; ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri apewe maziwa ya mama pekee hadi afikishe miezi 6. Kinachosaidia kweli ni mwanga wa mchana, utulivu na taa hafifu anaponyonyeshwa usiku, na kumlaza chali angali anasinzia.