Sifuri Iliyopotea Tandahimba

Msimu wa korosho uliopita nilikaa siku mbili Tandahimba, mkoani Mtwara, nikitafuta sifuri.

Mzee mmoja alikuwa ameshafika ofisi ya chama cha msingi cha ushirika mara tatu. Korosho zake zilipokelewa ghalani, mnada ukapita, wenzake wakalipwa, simu yake kimya. Karani akampa jibu tunalopewa wote: "Mzee wangu, mfumo unasumbua." Mzee akanigeukia mimi niliyekuja na kompyuta begani. "Mwanangu, huo mfumo unakaa wapi nikaongee nao?"

Nilicheka, lakini ni swali zuri kuliko mengi ninayoulizwa na mameneja.

Orodha ya malipo ilichapwa kwenye Excel. Akaunti ya mzee inaanza na 0, na Excel ikiona tarakimu tupu hudhani ni hesabu. Kwenye hesabu sifuri ya mbele haina kazi, basi huitupa bila kumwambia mtu. (Namba ikizidi tarakimu 15 ni balaa zaidi: zile za mwisho huzigeuza sifuri.) Faili likatumwa tawi la benki kwa barua pepe. Huko kuna programu ya zamani inayosoma kila mstari kama rafu ya duka, jina lina nafasi yake, akaunti ina nafasi yake, na upana haubadiliki. Namba ya mzee ilipopungua tarakimu moja, mstari wake ukawekwa pembeni na taarifa ikaandikwa kwenye folda ya waliokataliwa. Folda hiyo imo ndani ya kompyuta moja ambayo aliyekuwa akiifungua alishahamishwa kituo.

Kwa hiyo mfumo haukusumbua hata kidogo. Ulifanya vile ulivyoagizwa na watu ambao hawapo tena.

Watu huwaza benki kama mashine moja. Ifikirie kama nyumba ya zamani ya Mikindani, iliyoongezwa chumba kila kizazi. Chini kabisa kuna mfumo mkuu, ndiyo leja yenyewe, unaojua nani ana shilingi ngapi. Juu yake kuna madaraja yaliyojengwa kwa nyakati tofauti: la mashine za kutolea fedha, la mawakala, la simu. Tovuti ni kibaraza. Kule chini kazi nyingi bado hufanywa kwa mafungu usiku, wakati wa kufunga siku, ndiyo maana fedha iliyoingizwa jioni unaweza kuiona kesho yake asubuhi.

Marekani na Ulaya ziko benki ambazo leja zao bado zinaendeshwa kwa COBOL, lugha ya programu iliyobuniwa mwaka 1959. Mimi huku Kusini sijakutana nayo. Ninachokuta ni programu zilizonunuliwa miaka ishirini iliyopita, zikikaa juu ya Windows 7 ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020. Vijana wa tehama huniuliza kwa nini tusing'oe yote tuweke mapya. Huwa nawatajia benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018 ilihamisha wateja wake kwenda mfumo mpya kwa mkupuo, na wateja hadi milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao. Desemba 2022 wasimamizi wakaipiga faini ya pauni milioni 48.65. Mfumo mzee una kanuni nyingi ambazo hazikuandikwa popote ila ndani yake, na ukiung'oa kwa pupa unazing'oa nazo.

Ubaya wa mfumo mzee hujitokeza zaidi kwenye skrini yake. Agosti 2020 Citibank ilikusudia kuwalipa wakopeshaji wa kampuni ya vipodozi ya Revlon riba ya dola milioni 7.8. Ili deni lenyewe lisitoke nje, ilibidi kujaza visanduku vitatu, wakajaza kimoja. Watu watatu waliukagua muamala, wote wakaona uko sawa, na karibu dola milioni 900 zikaondoka. Sioni watu watatu wazembe hapo. Naona skrini ambayo haikusema inachokwenda kufanya.

Leja nzee inayotunzwa naiheshimu. Tovuti iliyotelekezwa siisamehe.

Kuna taasisi moja ya mikopo ambayo kikokotoo chake cha marejesho ni kisanduku cha kijivu kisicho na kitu, kwa sababu kilitengenezwa kwa Flash, teknolojia ya zamani ya tovuti iliyozikwa mwisho wa 2020. Fomu yake ya maombi inadai Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft kilichostaafishwa Juni 2022. Mkulima wa Newala anaifungulia fomu hiyo kwenye simu, kivinjari hicho atakipata wapi? Na mlangoni kivinjari kinamwonya kwamba tovuti si salama, maana cheti chake cha usalama kimekwisha muda. Shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti hivyo bure, tena vinajihuisha vyenyewe ukishavipanga. Ajabu, fedha za kuzindulia programu mpya ya simu, pamoja na fulana na turubai, zilipatikana.

Nilipowaambia, dada wa huduma kwa wateja akanijibu kwa upole, "Tunawaambia wabonyeze endelea tu, kaka." Hapo nilichoka. Mteja aliyefundishwa na benki yake kupuuza onyo hilo atalipuuza pia siku tapeli atakapomtumia kiungo cha tovuti ya bandia inayofanana na ile, na ataandika neno lake la siri bila wasiwasi.

Tandahimba tulirekebisha kwa dakika tano: safu ya akaunti ikawekwa kuwa maandishi badala ya hesabu, sifuri zikachapwa upya, faili likatumwa tena. Karani akaandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye kalenda ya ukutani: SIFURI! Mzee alilipwa kesho yake. Akanipigia, nikamwamkia, akaitikia marahaba na kuuliza kama huo mfumo nilipoongea nao uliomba radhi.

Nilikuwa tawini muda huo, nimeifungua ile folda. Mlikuwa na mistari mingine 11, na minne kati yake ni ya msimu wa nyuma.