Maji ya Moshi hayatoki kwenye barafu ya Kibo

Asubuhi Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, kikiwa wazi, kwenye daladala ya Kibosho lazima mtu aseme: "Theluji imebaki kidogo jamani, ikiisha tutakunywa nini?" Abiria wote wanatikisa vichwa. Hata mimi niliwahi kuwaambia wageni hivyo hivyo, bila wasiwasi, na nilikuwa nawadanganya.

Kwamba barafu inaisha ni kweli. Mwaka 1912 Kilimanjaro ilikuwa na barafu ya kilomita za mraba kama 12. Kufikia 2011 zilikuwa hazifiki mbili. Ila maji ya mifongo (mifereji yetu ya asili), chemchemi na mabomba yetu, karibu yote, ni mvua na ukungu unaonaswa na msitu. Mchango wa barafu ni mdogo mno. Panda kidogo kupita geti la Machame asubuhi, bonyeza kidole kwenye yale manyoya ya kijani yaliyoota kwenye magome: maji yanachuruzika kama umekamua sponji, na mvua haijanyesha. Hilo ndilo tangi letu.

Kwa hiyo mwenye hofu ya maji aache kwanza kukodolea macho kileleni, aangalie moto. Tangu miaka ya 1970 moto umekula sehemu kubwa ya msitu wa juu, na Oktoba 2020 na Oktoba 2022 sote tuliuona moshi tukiwa huku chini. Anayewasha mara nyingi ni binadamu, lakini ukame ukizidi na joto likipanda, kijinga kimoja cha moto kinatosha.

Dhana potofu ya pili ni ngumu kidogo, tuvumiliane. Watu wengi wanadhani barafu ya Kibo inayeyuka kama ile ya kwenye glasi ya juisi. Kule juu wastani wa joto uko chini ya sifuri. Vipande vya barafu ukivisahau kwenye friza miezi kadhaa utavikuta vimepungua, na hakuna tone lililomwagika. Kibo nayo sehemu kubwa inapotea hivyo, inageuka mvuke moja kwa moja huku jua likitafuna kingo zake. Ilianza kupungua mwishoni mwa karne ya 19, Afrika Mashariki ilipoingia kwenye ukavu na theluji mpya ikawa haitoshi kufidia inayoondoka.

Hapo ndipo wajanja hudakia: "Si unaona? Ni ukavu tu, mabadiliko ya tabianchi ni uongo!" Hapana. Kibo ni mlima mmoja wenye historia yake. Hewa ya ukaa, gesi inayonasa joto, imepanda angani kutoka sehemu 280 kwa milioni, kabla ya viwanda, hadi zaidi ya 420, na wastani wa joto la dunia umeongezeka kwa zaidi ya nyuzi moja. Chanzo kikubwa ni makaa ya mawe, mafuta na gesi. Anayesema yote haya yameletwa na kuni za bibi zetu akumbuke kwamba bara zima la Afrika halifikishi asilimia 5 ya hewa ya ukaa ya dunia inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Fundi wangu wa friji pale Mbuyuni anashikilia kwamba joto linapenya kwenye tundu la ozoni. Amechanganya. Ozoni, tabaka la gesi huko juu angani, huzuia miale inayounguza ngozi, na tundu lenyewe liko Antaktika. Nampa nusu ya maksi, maana gesi za friji za zamani, zilizowekewa mkataba wa kuzizuia kule Montreal mwaka 1987, zilitoboa ozoni na pia hunasa joto.

Halafu kuna wa Julai. "Joto gani, na mimi nimevaa makoti mawili?" Baridi ya Julai ya Moshi ipo na itaendelea kuwepo, ongezeko la joto hupimwa kwa miaka mingi, na kahawa inalihisi kabla yetu. Watafiti waliochunguza arabika ya Tanzania walikuta kwamba usiku unapozidi kuwa na joto, mavuno yanashuka. Mama yangu kule Kibosho ameshang'oa nusu ya mibuni kwenye kihamba (shamba la nyumbani) akapanda parachichi, ingawa ukimuuliza atakwambia ni bei tu.